India: Mgeni hupewa jembe siku ya kwanza

Jiko la Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, kaskazini-magharibi mwa India, halifungwi. Usiku na mchana, siku zote za mwaka, dengu zinachemka kwenye masufuria ambayo mwiko wake hushikwa kwa mikono miwili, na kila anayepita mlangoni anakula bila kulipa, bila kuulizwa dini yake, kabila lake wala nchi yake. Siku ya kawaida wanaokula hapo ni makumi ya maelfu. Sikukuu ikifika, idadi hukaribia laki moja. Ukitoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ukaingia pale na njaa, sahani yako ipo.

Wingi huo wa chakula unashangaza, lakini kuna jambo lililonigusa zaidi. Mgeni akishamaliza kula, anaruhusiwa kufanya kazi. Anaweza kukaa mkekani pamoja na akina mama wa Punjab akamenya vitunguu saumu. Anaweza kusukuma chapati, kugawa maji, au kusimama kwenye mabirika marefu ya kuoshea sahani, mikono ikiwa ndani ya povu mpaka kwenye viwiko. Hakuna anayemuuliza barua ya utambulisho. Anasogezewa nafasi tu.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kumkumbusha mgeni asijisahau, lakini ndani yake mna heshima pia: anayepewa jembe amekwisha hesabiwa kuwa wa nyumbani. Nimeizunguka India kwa kazi ya uandishi na kwa kumuuguza ndugu, na popote nilipopata marafiki niliona jambo hilohilo. Ukarimu ulianza kwa kupokewa, ukageuka urafiki pale nilipopewa kitu cha kufanya. Na kule, aghalabu, jembe halisubiri siku ya tatu.

Kitanda cha katikati

Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka Bombay, ambayo leo ni Mumbai, tarehe 16 Aprili 1853 ikaenda Thane, safari ya kilomita 34. Sasa mtandao wa reli wa nchi hiyo unapita kilomita 65,000, na kwa msafiri wa kawaida behewa la treni ndiyo nyumba ya kwanza ya Kihindi anayoingia.

Nazungumzia daraja la kulala lisilo na kiyoyozi, lile la madirisha yenye vyuma na feni za darini. Kila sehemu ya behewa ina vitanda vinane: sita vinatazamana vitatu kwa vitatu, na viwili viko upande wa pili wa ujia. Kitanda cha chini ni cha mwenye tiketi usiku tu. Mchana ni benchi la wote. Kitanda cha katikati kikifunguliwa, aliye chini hawezi tena kukaa wima. Kwa sababu hiyo kanuni ya reli inasema kifunguliwe saa nne usiku na kikunjwe saa kumi na mbili asubuhi.

Katika saa zilizobaki, watu wasiojuana hukaa magoti yakigusana kwa mamia ya kilomita. Mmoja akichoka mapema, wote hukubaliana kulala. Mzee akipangiwa kitanda cha juu, kijana humwachia cha chini bila kuombwa. Mpangilio wa vitanda vile huwalazimisha watu kujaliana, na baada ya saa mbili tatu kujaliana huko kunakuwa mazoea.

Kisha chakula hufunguliwa. Familia ya Kigujarati iliyokaa mbele yangu kwenye safari ya kutoka Mumbai kuelekea kaskazini ilikuwa na makopo ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine: chapati nyembamba za majani ya uwatu, viazi vya bizari, achari ya embe, na pilipili mbichi zilizokaangwa kwa chumvi. Mama wa familia alitandika gazeti kitini, akagawa chapati kwa watoto, akagawa kwa mumewe, kisha akanyoosha mkono kwangu. Nilisema nimeshiba. Mkono haukurudi. Watoto nao walikuwa hawajaanza kula, wananitazama. Nikapokea, ndipo wote wakaanza.

Maswali yalifuata, na Mswahili hatayaona mageni. Unatoka wapi? Wazazi wapo? Umeoa? Watoto wangapi? Mbona wachache? Mshahara wako unatosha? Kwa wasafiri wengi wa Ulaya maswali hayo ni kuchunguzwa. Sisi tunajua kuwa mtu anayekuuliza habari za nyumbani anatafuta mahali pa kukuweka: wewe ni baba wa fulani, mtoto wa fulani, na sasa anajua akuite nani. Kabla ya giza kuingia watoto wale walikuwa wananiita mjomba, na mama yao alipokwenda kunawa aliniachia kitinda mimba wake mapajani bila kusita. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Tangu hapo nilikuwa mtu wa sehemu ile, na chai ikipita sikuruhusiwa kutoa pesa.

Lazima niseme na hili, kwa sababu vipaza sauti vya vituo vya India vyenyewe hulisema: abiria wanaonywa wasipokee chakula kwa wasiowajua, maana wapo wezi wanaotia dawa kwenye biskuti na vinywaji. Onyo hilo ni la kweli na lifuatwe. Mimi hupokea kwa familia inayokula kutoka chombo kilekile, mbele yangu, na hukataa kwa upole kinywaji cha mtu aliye peke yake ambaye yeye mwenyewe hanywi. Kulinda roho yako hakumvunjii heshima mwenye nia njema. Ukiweka mkono kifuani na kutikisa kichwa, ataelewa.

Mstari mmoja sakafuni

Hekalu la Dhahabu ni la Masingasinga, na desturi ya jiko la wote katika dini yao inaanzia kwa mwanzilishi wake, Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Katika India ya zama zake, chakula ndicho kilichowatenganisha watu kuliko vitu vingi. Mtu wa tabaka la juu hakula kilichopikwa na wa tabaka la chini, hakuketi karibu naye, wala hakugusa chombo chake. Guru Nanak alianzisha mlo wa pamoja, unaoitwa langar, ambamo wote hukaa chini kwenye mstari mmoja. Guru wa tatu, Amar Das, aliukaza utaratibu huo: aliyetaka kuonana naye alipaswa kula kwanza na watu wote. Mapokeo ya Masingasinga yanasema hata Mfalme Akbar wa Dola ya Mughal alikaa sakafuni akala kabla ya kuzungumza naye.

Hekalu lenyewe lina milango pande zote nne, alama kwamba njia iko wazi kwa kila anayekuja. Unavua viatu, unapita kwenye maji ya kuoshea miguu, unafunika kichwa kwa kitambaa. Kwenye ukumbi wa chakula unapewa sahani ya chuma yenye vyumba vyumba, kijiko na bakuli la maji. Mikeka mirefu imetandikwa. Anayekaa kushoto kwako anaweza kuwa mwenye kiwanda, na wa kulia akawa mpakia mizigo wa kituo cha treni. Wagawaji hupita haraka na ndoo za dengu na za wali wa maziwa. Mwenye chapati haiweki sahanini. Unakinga mikono miwili, naye anaiweka viganjani mwako, kwa maana kilichotolewa kwa imani hupokewa kwa unyenyekevu.

Nilisogea kwenye mabirika ya kuoshea. Kelele za sahani za chuma pale ni kubwa mno, huwezi kuzungumza. Mzee wa kilemba cha buluu alinionyesha kwa vitendo: kwanza gonga mabaki, kisha sabuni, kisha maji ya kwanza, kisha ya pili, kisha pitisha kwa mwenzako. Sikujua jina lake, naye hakujua langu. Tuliosha kwa muda mrefu bega kwa bega. Tulipotoka alinishika mkono akanipeleka kunywa chai, akamwita mwanawe anayejua Kiingereza aje atutafsirie, na jioni ile nilikula nyumbani kwao. Undugu ule ulitoka kwenye sahani zile tulizozisugua pamoja.

Masingasinga hawako peke yao. Ajmer, katika jimbo la Rajasthan, lipo kaburi la Khwaja Moinuddin Chishti, walii wa Kisufi aliyefariki mwaka 1236 na anayekumbukwa kwa kuwahurumia maskini. Uani mwa ziara hiyo yamejengewa masufuria mawili makubwa sana. Moja lilitolewa na Akbar, jingine na mwanawe Jahangir. Humo hupikwa wali mtamu wa samli, sukari, zafarani na matunda makavu, kisha watu hugawiwa kama sadaka. Nyama haitiwi, ili Baniani asiyekula nyama naye aweze kula pamoja na Mwislamu. Aliyepanga pishi hilo alifikiria mgeni asiye wa dini yake kabla mgeni huyo hajafika. Huo ndio ukarimu uliokomaa: kumwekea mtu nafasi yake kabla hajaiomba.

Jiko la wanaouguza

Kwa Watanzania na Wakenya wengi, India ya kwanza kuijua ni India ya hospitali. Moyo, figo, saratani, uti wa mgongo: barua ya rufaa inaandikwa, ndugu wanachanga, na watu wawili wanapanda ndege, mmoja mgonjwa na mmoja wa kumuuguza. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu habari zake haziandikwi.

Chennai, pwani ya kusini-mashariki, kuna mitaa kandokando ya Barabara ya Greams iliyojaa nyumba za wageni za kuwahudumia wanaotibiwa. Vyumba vingi vina jiko la gesi, kwa kuwa wanaokaa pale hukaa kwa wiki au miezi na hawawezi kula hotelini kila siku. Wageni wanatoka Bangladesh, majimbo ya mashariki ya India, Omani, Afrika Mashariki. Asubuhi ngazi zinanuka vitunguu vya nchi tano.

Nilifika huko na mjomba wangu aliyekuwa afanyiwe upasuaji. Chumba cha jirani alikaa mama wa Kibengali aliyekuwa akimuuguza mumewe. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa maneno machache ya Kiingereza na mikono. Siku ya kwanza aliniletea wali na samaki. Siku ya pili alinipeleka duka linalouza unga wa mahindi, kwa kuwa alishaona mjomba hali. Baada ya hapo hatukuwa tena mwenyeji na mgeni, maana hata yeye mji ule haukuwa wake. Tuligawana kazi. Yeye alikwenda sokoni kwa ajili ya vyumba vyote viwili, maana wauza samaki walimjua. Mimi nilipanga foleni ya dirisha la dawa, kwa kuwa nilisoma karatasi za Kiingereza haraka zaidi. Kijana wa Omani wa ghorofa ya juu, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja na aliyekuwa akiongea Kiswahili vizuri, alishughulikia teksi na bajaji, na madereva walimwogopa kwa jinsi alivyojua kupatana bei.

Siku mjomba alipoingizwa chumba cha upasuaji, watu wa vyumba vile walikuja hospitali wakakaa nasi. Mama wa Kibengali alikaa na tasbihi yake, kijana wa Omani alileta maji. Maneno ya kufariji yalikuwa machache, na mengi sikuyaelewa. Walikaa tu, mpaka daktari alipotoka. Nyumbani tunajua thamani ya kukaa: msibani na hospitalini, aliyekuja akakaa ndiye aliyekuja. Sikutegemea kukutana na kukaa huko mbali namna ile, tena kwa watu waliokuwa na wagonjwa wao.

Nasema hili kwa familia zinazojiandaa kwenda: ulizeni nyumba yenye jiko, tena jiko la pamoja likiwezekana. Litapunguza gharama, na litawapa watu. Mwenye kuuguza peke yake katika mji wa ugenini huchakaa haraka kuliko mgonjwa.

Kutch, kwa watu wanaotujua

Upande wa magharibi kabisa wa India, katika jimbo la Gujarat, kuna wilaya ya Kutch. Bandari yake ya Mandvi ilifanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ilisimamia ushuru wa forodha wa Zanzibar katika karne ya 19, na Tharia Topan, mzaliwa wa Kutch, aliishika kazi hiyo baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa kisiwa. Leo bado utakuta kwenye kingo za mto Rukmavati majahazi makubwa ya mbao yanayoundwa kwa mkono, mbavu zake zikiwa wazi juani, na mafundi wakipanda ngazi na misumari mdomoni.

Karibu na mji wa Bhuj kuna vijiji kama Madhapar na Baladia, ambavyo watu wake wengi walikwenda Nairobi, Kampala na kwingineko, na baadaye Uingereza. Huko neno "Afrika" halihitaji maelezo. Nilipelekwa na rafiki hadi nyumba ya mama mmoja mtu mzima. Alipoambiwa ninakotoka, alisimama mlangoni akasema, "Karibu, mwanangu. Kaa. Kula kwanza." Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na jikoni, kile alichokisikia Jinja alikozaliwa. Alikuwa binti mdogo mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda.

Aliweka mezani mihogo ya kukaanga yenye chumvi, pilipili na ndimu. Aliniuliza habari za mvua, bei ya sukari, na kama wanafunzi bado wanavaa sare. Hakuuliza lolote la siasa. Nami nilisita, kisha nikamwuliza kama hana uchungu na watu wa kwetu. Alijibu kwamba aliyewafukuza alikuwa mmoja, na aliyewafichia vitu vyao, akawapa maziwa ya njiani, alikuwa jirani. Halafu akanisogezea sinia la mbaazi mbichi. "Menya," akasema, naye akaendelea na hadithi yake ya Jinja. Tulimenya mbaazi mpaka sinia likajaa, wajukuu wakiingia na kutoka, wakishangaa bibi anaongea lugha wasiyoijua.

Katika jimbo hilohilo wanaishi Wasidi, watu ambao mababu zao walivuka bahari kutoka Afrika wakiwa watumwa, askari na mabaharia. Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba, na Ratanpur, kwenye ziara ya Bava Gor, ngoma zao bado zinapigwa. Wanaongea Kigujarati, wanakula chakula cha Kigujarati, na ni raia wa India vizazi na vizazi. Hata hivyo, wakisafiri mbali na vijiji vyao, wengi huulizwa wanatoka nchi gani ya Afrika.

Mlango uliofungwa

Swali hilo wanaloulizwa Wasidi linaonyesha upande ambao mwandishi wa safari hana haki ya kuuficha. Januari 31, 2016, mjini Bengaluru, mwanafunzi wa kike kutoka Tanzania alishushwa kwenye gari na kundi la watu, akapigwa na nguo zake zikararuliwa, gari likachomwa moto. Watu hao walikuwa na hasira kwa ajali ya gari la mwanafunzi wa Sudan iliyomuua mwanamke wa eneo lile. Binti wa Kitanzania hakuhusika kwa lolote. Mei mwaka huohuo, mwalimu kijana kutoka Kongo aliuawa kwa kipigo jijini Delhi. Wanafunzi wa Kiafrika wanaosoma India watakueleza habari za nyumba za kupanga ambazo huwa wazi kwenye simu na kujaa mara mwenye nyumba anapowaona uso kwa uso.

Mimi pia niliwahi kukataliwa chumba na hoteli moja usiku, nikiwa na begi mkononi. Wakati mwingine sababu ni karatasi: sheria ya India inamtaka kila anayemlaza mgeni wa nje, awe hoteli au mtu binafsi, atoe taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 24 kwa fomu maalumu, na hoteli ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo. Wakati mwingine sababu ni rangi, na mwenye ngozi yake huijua tofauti.

Wahindi wenyewe wanafungiana milango. Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, ilipiga marufuku kumtenga mtu kwa kumwona najisi. Lakini bado kuna vibanda vya chai vijijini ambako vikombe vya watu wa tabaka la chini huwekwa kando. Ukikumbuka hivyo, mstari wa sakafuni wa Amritsar unakuwa na uzito mwingine. Waliouanzisha waliujua vizuri ubaguzi wa nchi yao, wakaujibu kwa chapati na mkeka. Tena jibu hilo hurudiwa kila siku na watu wanaoamka alfajiri kukanda unga. Ukarimu wa India unastahili heshima zaidi kwa kuwa unafanyika mahali ambapo kinyume chake pia kinafanyika.

Kabla hujapanda ndege

Atakayekwenda na ayajue machache. Kula na kupokea ni kwa mkono wa kulia, na hilo kwetu si geni. Viatu huachwa mlangoni nyumbani na katika nyumba za ibada. Chupa ya maji inayozungushwa usiiguse kwa midomo. Inua uso, mimina kutoka juu. Ukialikwa, peleka matunda au vitu vitamu kama ladu na barfi, na uliza kwanza kama nyumba hiyo haili nyama au mayai. Ukilala kwa rafiki, mpe nakala ya pasi na viza mapema ili atoe taarifa inavyotakiwa, maana ukimficha, atakayeingia matatani ni yeye. Usitoe pesa kwa aliyekulisha nyumbani kwake, utamwumiza. Kwenye langar na ziara kuna masanduku ya sadaka, na pia kuna vitunguu vya kumenywa.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kwa watu wenye haya: ukishakula, inuka, beba sahani yako, uliza uoshe wapi. Mara ya kwanza watakukatalia. Uliza tena.

Deni la huku

Reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na zaidi ya wafanyakazi 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Takriban 2,500 walikufa katika kazi hiyo. Makindu, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, Masingasinga walijenga gurudwara, yaani nyumba yao ya ibada, mwaka 1926, na mpaka leo jiko lake hulisha wasafiri bure na vyumba vyake huwalaza waliochoka. Madereva wa malori wanaijua, familia zinazotoka pwani zinaijua, na Wakenya wa kila dini wamekula pale. Desturi ya Amritsar ina karibu karne moja katika ardhi ya Ukambani.

Hata hivyo, ni wangapi kati yetu tumewahi kuosha sahani Makindu baada ya kula? Na tukiacha njia kuu tukarudi mitaani kwetu, Upanga, Ngara, Mji Mkongwe au Old Kampala, ni wangapi tumeingia nyumba ya jirani wa Kihindi tuliyekua naye, au yeye akaingia kwetu, si kwa biashara wala kwa kazi za ndani, bali kwa kula? Tumezoeana kaunta ikiwa katikati, na pande zote mbili tumeridhika nayo. Wapo Watanzania waliolala kwenye nyumba za Ahmedabad na kubeba watoto wa watu kwenye treni za Rajasthan, lakini hawajui jina la mama anayeishi ngazi moja juu yao.

Haifai tusifu ukarimu wa nchi ya mbali na kuuacha ufe mlangoni mwetu. Idi inakuja, Diwali inakuja, Krismasi inakuja. Zote zina sahani ya kupeleka kwa jirani. Wakati wa mavuno ya mbaazi, zipo za kutosha kumenywa na watu wawili. Mwiteni jirani. Akija, msimkalishe sebuleni peke yake na soda. Mpeni kisu, mpeni sinia, aingie jikoni na nyinyi.